Benchi la Tatu Lina Mimba

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani zenu, kwa hiyo msijisumbue kuipekua. Ni nchi ndogo, safi, yenye bendera nzuri na watu wanaopenda kupiga makofi. Mimi ni karani wake. Nimekaa Dirisha la Vipimo vya Awali katika Hospitali Kuu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo sijawahi kugonga muhuri kichwa chini miguu juu. Naomba mlizingatie hilo mtakapokuwa mnanihukumu, maana najua mtanihukumu.

Kwetu mwanamke hatibiwi kabla ya kupimwa mimba. Hata akija na jino. Hata akija na mwiba kisiginoni. Mwanamume akija na mwiba, anatolewa mwiba. Mwanamke akija na mwiba, anapewa kikombe na kuoneshwa choo kilipo. Haulizwi kama anataka wala haambiwi kinachopimwa, kwa sababu kuuliza kunachelewesha foleni, na foleni zetu ni kitu tunachokienzi sana.

Sheria hii tuliletewa na Mheshimiwa Waziri wa Afya na Wananchi Watarajiwa, Daktari wa Heshima Kibwana Machupa. Nilikuwepo uwanjani siku aliyoitangaza. Alipanda jukwaani, akafuta jasho kwa leso mbili, akanguruma: "Ndugu wananchi! Mwanamke ni nyumba! Je, fundi mwenye akili timamu anaweza kubomoa ukuta kabla ya kubisha hodi, akajua kama ndani mna mpangaji?"

"Hawezi!" tukaitikia.

"Basi kuanzia leo, Serikali itabisha hodi!"

Akina mama wa mstari wa mbele walipiga vigelegele mpaka mmoja wao akapaliwa. Akakimbizwa hospitali akitweta, na huko akawa mwanamke wa kwanza nchini kupewa kikombe.

*

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwaka wa pili vipimo vikaanza kuadimika. Vilikuwa vikitoka ng'ambo, vijiti vyembamba vya karatasi: mstari mmoja mwekundu maana yake hamna kitu, mistari miwili maana yake mpangaji yumo. Wanawake wanaougua walikuwa wengi kuliko vijiti, na kanuni haikuruhusu mtu kuugua bila kijiti.

Nchi nyingine ingekata tamaa. Sisi tuna Mganga Mkuu, Dakta Pazi Mgomba, mtu mwenye kipaji cha kuona suluhisho pale ambapo wengine wanaona aibu. Alituita watumishi wote, akachora mabenchi sita ubaoni.

"Wanawake wakae sita sita," akasema. "Kila mmoja atoe kiasi, tuchanganye kwenye jagi moja, tupime jagi mara moja. Jagi likisema hapana, benchi zima halina mimba. Jagi likisema ndiyo, benchi zima lina mimba."

Muuguzi mmoja akanyoosha mkono. "Sasa mkuu, tutajuaje ni ya nani?"

Dakta Pazi alimtazama kwa masikitiko. "Muuguzi," akasema, "tusiingilie faragha za watu."

Alipewa nishani. Ndani ya miezi mitatu idadi ya wajawazito nchini iliongezeka mara tano, na redio ikasoma salamu za Waziri akiwapongeza wanaume wa taifa letu kwa uchapakazi.

*

Bi. Semeni alikuja Jumatatu, asubuhi, amevaa kanga mpya kama anayekwenda kuposa. Kila mtu mjini anamjua Bi. Semeni. Ni mpishi wa shughuli. Kama umeoa, umemtoa mtoto arobaini au umefanya akika katika mji wetu, basi pilau iliyoliwa siku hiyo ni ya mkono wake. Ana miaka hamsini na minane. Mumewe, Mzee Mbaruku, ni fundi wa magodoro ya sufi, mtu mpole asiyemaliza sentensi bila kukohoa vumbi la kazi yake. Hawakujaaliwa mtoto. Ndugu wa mume walimshauri Mzee Mbaruku aoe mke wa pili, wakamshauri tena, wakachoka. Yeye alikuwa akikohoa tu.

Bi. Semeni alikuwa na uvimbe tumboni, upande wa kushoto. Dakta Chausiku, daktari wetu wa upasuaji, alikuwa ameupapasa, akaandika kwenye faili: picha, kisha upasuaji. Chini yake akaandika "haraka", akalipigia mstari mara mbili. Nililiona neno hilo kwa macho yangu. Kisha nikamwelekeza Bi. Semeni akakae benchi la tatu, kama kanuni inavyotaka.

Benchi la tatu siku hiyo lilikuwa na Sista Perpetua, mtawa mwenye kisukari, mwanafunzi aliyevunjika mkono akicheza netiboli, bibi kizee aliyekuja kusafishwa mtoto wa jicho, askari wa usalama barabarani anayeumwa kiuno, Bi. Semeni, na bibi harusi wa majuzi aliyekuwa akitapika tangu alfajiri, akisema ni maharage.

Jagi lilisema ndiyo. Mistari miwili, myekundu kama tui la nazi lililotiwa pilipili.

Nilisimama, nikakohoa kikazi, nikatangaza: "Benchi la tatu, hongereni."

Sista Perpetua alifanya ishara ya msalaba. Mwanafunzi aliangua kilio, akasema baba yake atamuua. Bibi kizee aliuliza, "Ya nani?" Askari alitoa kitabu chake cha makosa, akakosa wa kumwandikia. Bibi harusi peke yake alitabasamu, akajishika tumbo kwa siri. Na Bi. Semeni akacheka. Alicheka kicheko cha jikoni, kikubwa, mpaka akashika ubavu kwa maumivu.

"Mwanangu," akaniambia alipofika dirishani, "mnatania."

"Mama, jagi limesema."

"Mimi damu ya mwezi ilinikatika huu mwaka wa nane."

Nikapekua mwongozo. "Hiyo mama ndiyo dalili ya kwanza ya mimba."

Nikagonga muhuri: MJAMZITO. Muhuri huo una nguvu sana. Aliyegongwa hapigwi picha, hapasuliwi, hapewi dawa kali. Hapimwi tena pia, kwa sababu aliyekwisha kujibiwa hana haja ya kuuliza, na vijiti ni adimu. Nilimpa kadi ya kliniki ya wajawazito, vidonge vya kuongeza damu na chandarua cha mtoto. Faili lake lenye neno "haraka" nikalipeleka kabati la Subiri.

*

Alihudhuria kliniki. Ungetaka afanye nini? Aliambiwa asiyehudhuria anafutwa kwenye orodha ya hospitali, na yeye alitaka abaki kwenye orodha yoyote ile.

Kliniki kulikuwa na mashine ya kuangalia mtoto tumboni, mpya kabisa, lakini ilikuwa imefunikwa nailoni ikimsubiri Waziri aje kuizindua. Kwa hiyo walipima kwa futi ya fundi cherehani. Mwezi wa kwanza muuguzi alizungusha futi, akaandika. Mwezi wa pili akazungusha, akaandika namba kubwa zaidi. Mwezi wa tatu akampiga Bi. Semeni begani kwa furaha, akamwambia, "Mtoto anakua vizuri, mama. Kaza buti."

Uvimbe ulikuwa unakua vizuri kweli.

Mtaani habari zilienea. Wanawake aliowapikia pilau za watoto wao walimjia kwa makundi, wengine wakicheka, wengine wakiwa na macho makavu ya kutaka kujua. Wifi yake, yule aliyekuwa akitafuta mke wa pili kwa miaka thelathini, alimletea uji wa pilipili manga na kumwomba radhi kwa maneno yote aliyowahi kumwambia. Bi. Semeni alimweleza kwamba ni makosa ya hospitali. Wifi akajibu kwamba muhuri ameuona kwa macho yake, na muhuri wa Serikali si wa kukanushwa na mtu mmoja.

Kila Jumatatu alipita dirishani kwangu kuuliza kama vijiti vimeongezeka. Uso ulikuwa unakonda na tumbo likipanda. Wiki moja alikaa kwenye kiti cha wagonjwa akatazama ukutani, pale Wizara ilipopaka maandishi makubwa ya kijani: MFICHA UCHI HAZAI.

"Mimi sikuficha," akasema, kama anayezungumza na ukuta. "Nilikwenda kwa waganga saba na hospitali tatu. Nilijifunua kwa kila aliyeniambia nijifunue. Sikuzaa tu."

Nikapanga karatasi.

"Mwanangu, nikwambie kitu? Usinicheke."

"Sikucheki, mama."

"Neno hili nimelisubiri miaka thelathini na sita. Nilijua si kweli, mimi si mtoto mdogo. Lakini siku ile ulipoligonga, nilitoka hapa na furaha. Nilikwenda nayo mpaka getini. Mpaka getini tu, halafu tumbo likanikata, nikakumbuka kilichonileta." Akavuta kanga mabegani. "Nikifa na neno hili kwenye faili langu, watu watasema nini? Kwamba mwanangu ndiye aliyeniua? Mtoto ambaye sikumpata?"

Nilimwambia Serikali haikosei, bali hukawia. Ni maneno niliyofundishwa kwenye semina. Aliyapokea kwa adabu, akainuka kwa kushika ukingo wa dirisha langu.

*

Msidhani nchi yetu haina haki ya rufaa. Tuna Kamati ya Kukanusha Mimba, wajumbe saba, wote wanaume, ili kuepuka upendeleo. Hukutana mara moja kila miezi mitatu chini ya Jaji Mstaafu Mavumba, ambaye husinzia kwa heshima kubwa.

Mzee Mbaruku alikwenda na barua ya mjumbe wa nyumba kumi, barua ya imamu, na barua ya Dakta Chausiku. Mimi nilikuwepo kama mtunza kumbukumbu.

"Mzee," Jaji akaanza, "unakanusha mimba ya mkeo. Je, unamtuhumu kwamba ametoka nje ya ndoa?"

"Simtuhumu mtu, mheshimiwa," Mzee Mbaruku akakohoa. "Mke wangu anaumwa."

"Anaumwa mimba."

"Anaumwa uvimbe. Ana miaka hamsini na minane."

"Umri si kinga," mjumbe mmoja akasema. "Hata Bibi Sara."

"Bibi Sara alipewa na Mungu, mheshimiwa. Mke wangu amepewa na benchi."

Hapo Kamati ikakasirika. Jaji Mavumba akauliza kama mwombaji anadai kwamba benchi la Serikali ni la uongo. Likaamriwa liletwe. Wapagazi wawili wakaliingiza benchi la tatu ukumbini, likawekwa katikati. Wajumbe wakateremka, wakalizunguka, mmoja akalikalia, mwingine akalitikisa. Lilikuwa imara, miguu yote minne. Kamati ikaridhika kwamba benchi halina kasoro.

Uamuzi niliuandika mimi mwenyewe kwa mwandiko mzuri: mimba haifutwi kwa rufaa, hujifuta kwa kuzaa. Mwombaji amshauri mkewe asubiri hadi miezi tisa itimie. Asipojifungua, huo utakuwa ushahidi tosha, na matibabu yataanza mara moja. Subira yavuta heri.

"Miezi mitano imebaki," Mzee Mbaruku akasema.

"Utaona itakavyokimbia," Jaji akamfariji.

Mzee aliondoka amezishika zile barua tatu. Nilimwona akisimama nje kwenye jua, akizikunja na kuzikunjua, kama hajui kuzipeleka wapi. Moyo uliniuma. Nilirudi ndani kunywa chai.

*

Kesho yake Dakta Chausiku alikuja dirishani kwangu. Ni mama mfupi, mkali, anayetembea haraka mpaka wauguzi humkimbilia nyuma. Siku hiyo alikuja polepole.

"Bwana Karani, niandikie cheti. Bi. Semeni hana mimba."

"Jagi lilisema..."

"Achana na jagi! Wewe unajua hana. Mimi najua hana. Pazi anajua. Mtu yeyote mwenye macho akimwona anajua. Ninachokosa ni karatasi."

"Kwa nini usimpasue tu, dakta?"

"Aliyenitangulia alimpasua mwanamke bila cheti. Alimponya. Leo yuko kambi ya mpakani anapima urefu wa nyasi." Akaegemeza paji la uso kwenye nondo za dirisha. "Hata hivyo nisingeogopa nyasi. Lakini bila cheti hawanipi chumba, hawanipi dawa ya usingizi, hawanipi hata uzi. Nitampasua na nini, na kucha?"

Nikamweleza kwamba kitabu changu cha vyeti kina kurasa zenye namba, na kila ukurasa lazima ulingane na kijiti. Nikamweleza kwamba mwaka huo nilikuwa nimechaguliwa Karani Mwaminifu wa Mkoa, na picha yangu imetundikwa mapokezi. Nikamweleza kifungu cha nne, kifungu kidogo cha pili. Aliniacha nimalize.

"Uvimbe huo ungetoka," akasema. "Mwezi ule alipokuja, ungetoka wote, ukaingia kwenye bakuli. Mwezi huu bado naweza kujaribu. Mwezi ujao sitakuja kukuomba."

Sikumwandikia. Niliogopa. Hiyo ndiyo kweli, na nimeizunguka vya kutosha.

Mwezi uliofuata hakuja kuniomba.

*

Katika mwezi wa nane wa kadi yake ya kliniki, Bi. Semeni aliletwa kwa mkokoteni, amelala juu ya godoro jipya la sufi, godoro nene ambalo mumewe alilishona kwa ajili ya safari hiyo ili mawe ya barabarani yasimuumize. Kwa kuwa alikuwa mjamzito, alilazwa wodi ya wazazi. Hapakuwa na wodi nyingine ambayo faili lake lingekubaliwa.

Alilala siku nne kati ya wanawake waliokuwa wakizaa. Niliambiwa kwamba mtoto akilia, aligeuza kichwa kumtafuta alipo. Aliwafundisha wazazi wa vitanda vya jirani jinsi ya kupika mchuzi wa kuleta maziwa. Mmoja alimpa mwanawe ambebe, naye akambeba juu ya tumbo lile, akamsomea dua, akamrudisha kabla mikono haijachoka. Bibi harusi wa benchi la tatu alikuwa wodi hiyo hiyo, amejifungua mtoto wa kiume. Alimtambua Bi. Semeni akaja kumsalimia, akakaa miguuni pake akilia, akimwomba msamaha.

"Umenikosea nini, mwanangu?" Bi. Semeni akamuuliza. "Wewe ulikuwa na mimba tu."

Alifariki siku ya Jumatano, saa ya kutazama wagonjwa, mume wake akiwa ameshika mkono wake. Nawaambia nilivyoambiwa. Mimi nilikuwa dirishani.

*

Sasa lazima mjue kwamba mwezi huo huo Waziri alikuwa amepiga marufuku vifo vya wajawazito. Alisema taifa limechoka navyo. Hospitali yoyote ambayo mjamzito angefia, Mganga Mkuu wake angejieleza ikulu.

Ndiyo maana Dakta Pazi alikuja dirishani kwangu mbio, koti limefunguka, nishani inaning'inia. Sijawahi kumwona akikimbia. Nyuma yake alikuja Mzee Mbaruku, aliyekuwa anatafuta kibali cha kuchukua maiti ili wakazike kabla ya magharibi.

"Andika!" Dakta Pazi akahema. "Yule mwanamke wa kitanda cha tisa. Andika hana mimba. Hakuwa nayo. Hakuwahi kuwa nayo!"

"Kijiti, mkuu?"

"Kijiti cha nini? Mtu ana miaka hamsini na minane! Huoni?"

Nikafungua kitabu. Nikaandika jina lake, Semeni, na jina la baba yake. Hapakuwa na kikombe, wala jagi, wala benchi. Nikaandika: Hana mimba. Nikagonga muhuri, nikachana ukurasa. Sidhani kama ilichukua muda wa kumeza mate mara mbili.

Dakta Pazi alimshukuru Mungu kwa sauti, akaondoka kupiga simu wizarani. Tukabaki wawili, mimi ndani, mzee nje, karatasi katikati yetu. Mzee Mbaruku aliisoma kwa kufuatisha kidole. Alirudia tena kuisoma. Kisha akaniinulia macho, na hapakuwa na hasira ndani yake. Ningependa ingekuwepo.

"Ni hivi tu, mwanangu?" akauliza. "Kumbe ilikuwa ni hivi tu?"

Nikafungua mdomo nimtajie kifungu cha nne. Machozi yakanitangulia.

"Ni hivyo tu, baba," nikamwambia.

Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaniambia ahsante, akaenda kumzika mke wake.